Maji ya Kunde Hayapatikani kwa Kuongeza Nyeusi

Hotuba kwa walimu wa shule za msingi, wazazi na vijana wachoraji, Ujiji, Kigoma

Walimu wetu, wazee wetu, akina mama, nanyi vijana mliokuja na daftari za michoro kwapani, asalaam aleikum, na habari za mchana.

Tumeombwa tuzungumze kuhusu rangi za watu katika filamu za katuni, za zamani na za sasa. Mazungumzo haya yakianza barazani huwa mafupi: wazungu wametuchora vibaya, imetoka hiyo. Leo tuyashushe mezani, penye wino, brashi na kipaza sauti, maana huko ndiko mtu anakoonewa: kwenye mstari wa mdomo, kwenye rangi aliyopakwa, kwenye sauti aliyoazimwa, kwenye dakika alizopewa kuongea. Vyote hivyo vinapimika. Na wengine kati yenu kesho mtachora, kwa hiyo tutaingia jikoni kabisa.

Tuanze na wino. Katuni za miaka ya 1920 zilikuwa nyeusi na nyeupe, na kila mchoro ulitoka mkononi mwa mtu. Mwili uliojazwa wino mweusi mtupu ulikuwa nafuu: unajazwa haraka, hautaki vivuli, na unaonekana vizuri mbele ya ukuta mweupe. Ndiyo sababu Mickey Mouse wa Steamboat Willie, 1928, ana mwili mweusi. Lakini mkono mweusi ukipita mbele ya kifua cheusi unapotea. Mwaka 1929, katika The Opry House, panya yule akavalishwa glavu nyeupe, na mikono ikaonekana.

Hadi hapo ni ufundi tu. Ila glavu zile zilikuwa zinajulikana kabla ya panya. Tangu miaka ya 1830 Wamarekani walikuwa wakilipa kiingilio kutazama wazungu waliojipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, wakaacha au wakapaka duara kubwa kuzunguka mdomo, wakavaa glavu nyeupe, wakatoa macho na kumwigiza mtumwa mjinga anayependa kucheza na kuimba. Mchoraji wa katuni alipohitaji kiumbe cheusi chenye mdomo mpana na mikono inayoonekana, jukwaa lilikuwa limeshamwandalia, na watazamaji walishajua wacheke wapi. Kuna ushahidi wa maandishi pia. Mwaka 1928 mchora katuni Hugh Harman alisajili haki za mhusika wake Bosko kwa maelezo kwamba ni mvulana wa Kinegro. Miaka michache baadaye watu wakawa wanabishana kama Bosko ni mtu au mnyama gani. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba mwili mweusi na glavu ulikuwa uamuzi wa kiufundi, mkubalieni, kisha mwulizeni ufundi ule uliazimwa kwa nani.

Miaka ya 1930 na 1940 mambo yakawa wazi zaidi. Uso wa mtu mweusi katika katuni za Marekani ulikuwa na kanuni kama ya mapishi: kichwa duara, rangi moja isiyo na kivuli, macho meupe pe, na mkanda wa rangi ya krimu kuzunguka mdomo, unaokula karibu theluthi ya uso. Mkanda ule hauna uhusiano na midomo ya mtu yeyote aliye hai, ni masizi yaleyale ya jukwaani. Mwaka 1968 kampuni ya United Artists, iliyokuwa imeshika haki za katuni za zamani za studio ya Warner, iliziondoa 11 kwenye orodha ya zile zinazopelekwa televisheni, kwa sababu ukizikata vipande vya matusi hakibaki kitu. Mojawapo ni Coal Black and de Sebben Dwarfs ya 1943, iliyoongozwa na Bob Clampett. Kijana mchoraji akiitazama atashangaa: mwendo wake ni mkali, muziki na michoro vinakwenda pamoja kama ngoma na mchezaji. Ustadi wa hali ya juu ulipelekwa kazi hiyo.

Dumbo, filamu ya Disney ya 1941 kuhusu mtoto wa tembo, inatajwa kila mara kwa sababu ya kunguru. Kiongozi wao ndani ya studio aliitwa Jim Crow, jina la sheria za ubaguzi za Marekani, na sauti yake ilitolewa na mzungu, Cliff Edwards, akiigiza lafudhi ya watu weusi. Wenzake wengi walitoka kwaya ya weusi ya Hall Johnson. Lakini sisi tunaona kunguru wamebeba lawama isiyo yao peke yao. Rudini nyuma kidogo, kwenye usiku wa mvua ambapo hema la sarakasi linasimamishwa. Wafanyakazi weusi wanapiga nyundo huku wakiimba kwamba wakilipwa mshahara wanautapanya, na hakuna hata mmoja aliyechorewa macho, pua wala mdomo. Katika filamu ileile kunguru wana nyuso, watu hawana.

Fantasia ya 1940 ina binti mweusi, nusu mtu nusu punda, kazi yake kusugua kwato za wenzake weupe. Toleo la 1969 lilimwondoa. Baadaye picha ilikuzwa pembeni ili asionekane kabisa. Hapo ndipo ulipo mgogoro wa studio hizi hadi leo: ufute, au uache na onyo? Song of the South ya 1946, iliyochanganya waigizaji na katuni, haijawahi kuuzwa kwa video majumbani Marekani, wala haimo kwenye Disney+, huduma yao ya filamu mtandaoni. Mwigizaji wake mkuu, James Baskett, hakuweza kuhudhuria uzinduzi wa filamu yake mwenyewe huko Atlanta, kwa sababu mji ulikuwa wa ubaguzi. Mwaka 1948 akapewa Oscar ya heshima, na miezi michache baadaye akafa. Mkiifuta filamu, na habari hiyo mnaifuta. Oktoba 2020 Disney+ iliweka onyo refu zaidi mwanzoni mwa Dumbo, Peter Pan na The Aristocats, na mwaka uliofuata filamu hizo zikatolewa kwenye akaunti za watoto wadogo.

Onyo hilo halifiki Ujiji. Sisi tunajaziwa filamu kwenye flash dukani, shilingi kadhaa kwa faili, na maandishi ya onyo yanabaki kule kwenye programu ya simu ya mwenye kulipia. Kwa hiyo kazi ya onyo ni ya mzazi. Itazame filamu wewe kwanza, andika dakika ambayo tukio linaanza, na siku ya kuitazama na watoto simamisha hapo hapo uwaulize wanamwona nani na anafanya nini. Swali moja linatosha. Ukihutubia, wataondoka.

Sasa tuje kwa simba, maana hiyo ndiyo katuni ambayo kila mtoto hapa anadhani ni ya kwetu. The Lion King, 1994, imejaa Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa. Na fisi kiongozi ameitwa Shenzi. Mwenzake anaitwa Banzai, ambalo ni neno la Kijapani, na limeingiaje porini kwetu tusiulizane. Mtoto wa London analisikia Shenzi kama jina tu. Mtoto wa Ujiji analisikia kama tusi, na babu yake analisikia kama historia. Enzi za misafara ya pembe na watumwa, mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha njia ile ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, na neno hilo lilikuwa na kazi yake. Mwungwana alikuwa mtu wa pwani au aliyeshika mwendo wa pwani, na mshenzi alikuwa mtu wa bara, yaani wengi wa wazee wetu. Ndani ya filamu fisi wanaishi nje ya nchi yenye mwanga, wana njaa, wanasubiri kuingia. Waigizaji Whoopi Goldberg na Cheech Marin wakawapa lafudhi za mitaa ya weusi na Walatino wa Marekani. Haki isemwe: sauti ya Mufasa ni ya James Earl Jones, mtu mweusi, na ya Sarabi ni ya Madge Sinclair, mzaliwa wa Jamaika. Ila mtoto wao, mrithi wa ufalme, akapewa sauti za kuongea za waigizaji weupe, utotoni na ukubwani. Marudio ya 2019 yalirekebisha hilo.

Halafu kuna "hakuna matata". Disney waliomba alama ya biashara kwa maneno hayo mwaka 1994, kwa ajili ya nguo, na yakasajiliwa Marekani mwaka 2003. Mwaka 2018 Mzimbabwe mmoja, Shelton Mpala, alianzisha waraka wa kupinga, ukakusanya sahihi zaidi ya laki moja. Sisi hapa tunasema hamna shida, kwa hiyo fulana zetu ziko salama.

Suala la sauti ni pana kuliko simba. Mwanaisimu Rosina Lippi-Green alihesabu wahusika 371 katika filamu 24 za katuni za Disney hadi 1994. Waliosema Kiingereza cha Kimarekani, takriban 2 kati ya 10 walikuwa wabaya. Waliosema kwa lafudhi ya kigeni, takriban 4 kati ya 10. Mtoto hafundishwi kwa maneno, anazoea kwa sikio. Nasi tusijifanye tumebarikiwa. Katika vichekesho vyetu vya Kiswahili, anayetafutwa kuwa mlinzi mjinga au kibarua wa shamba anapewa lafudhi gani? Watu wa mwisho wa reli mnalijua jibu. Waha walichukuliwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, na lafudhi ya kibarua wa wakati ule bado inaigizwa kwenye redio na kwenye filamu zinazotafsiriwa kwa sauti. Kijana unayetafsiri filamu za katuni kibandani, hapo ndipo ulipo uwezo wako: fisi akiongea kama Mha na simba kama mtu wa Dar es Salaam, ni wewe umefanya.

Kipimo cha dakika ni rahisi, walimu wanaweza kukifanya na darasa la sita. Chukua karatasi, andika majina ya wahusika kushoto. Kwa kila dakika kumi za filamu weka alama: nani ameongea, nani ameamua jambo, nani amechekwa, na nani yumo katika mwili wake mwenyewe. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayoshangaza. The Princess and the Frog ya 2009 ilimleta Tiana, binti mfalme mweusi wa kwanza wa Disney. Mwanzoni alikuwa aitwe Maddy na awe mtumishi wa ndani, na malalamiko ndiyo yaliyobadilisha. Sehemu kubwa ya filamu Tiana ni chura wa kijani. Spies in Disguise, 2019: jasusi mweusi anageuka njiwa. Soul, 2020: mpiga piano mweusi anatembea muda mrefu akiwa roho ya rangi ya samawati, kisha mwili wake unakaliwa na roho nyingine na yeye anaingia kwenye paka. Kila filamu ina sababu yake nzuri ya hadithi. Zikiwekwa kwenye karatasi moja, sababu tatu nzuri zinaonyesha tabia moja.

Hata hivyo Soul inastahili kusomwa na wachoraji, kwa sababu ya mwanga. Studio ilimwita Bradford Young, mpiga picha wa filamu mweusi, ashauri namna ya kumulika ngozi nyeusi za aina mbalimbali, na matokeo yanaonekana kwenye kile kibanda cha kinyozi cha mtaani: hakuna ngozi mbili zilizofanana. Mwaka uliotangulia Peter Ramsey alikuwa ameshakuwa mwongozaji mweusi wa kwanza kupata Oscar ya filamu ndefu ya katuni, kwa Spider-Man: Into the Spider-Verse. Ramsey huyo alikuwa pia mtayarishaji mkuu wa Kizazi Moto, 2023, filamu fupi kumi kutoka nchi sita za Afrika. Jina la Kiswahili, na Tanzania haimo katika hizo sita. Lakini msiseme hakuna kinachotengenezwa hapa: katuni ya Ubongo Kids inatoka Dar es Salaam tangu 2014, na mhusika wa katuni Akili, binti wa miaka minne, anaishi chini ya Kilimanjaro na anaongea kama watoto wenu.

Basi tuingie jikoni. Krita na OpenToonz ni programu za bure za kuchora katuni, na kompyuta ya kawaida inaziweza. Kwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, mchoro mmoja ukishikiliwa fremu mbili, dakika moja ni michoro 720. Kwa hiyo kosa la rangi siku ya kwanza utalirudia mara 720. Lipeni muda.

Kiswahili kimeshawapa majina ya rangi: maji ya kunde, mweusi tii, mweupe wa chai ya maziwa. Kwa maji ya kunde anzeni na nyekundu 141, kijani 85, buluu 54, kwa kipimo cha kompyuta cha 0 hadi 255; namba zinazofuata zina mpangilio huohuo. Kosa la karibu kila anayeanza ni kupata kivuli kwa kuongeza nyeusi. Ukifanya hivyo ngozi inakufa, inakuwa ya kijivu kama mtu aliyetoka kwenye vumbi la jivu, kwa sababu wekundu umezimwa pamoja na mwanga. Kivuli kipelekeni upande wa wekundu na zambarau: 88, 42, 40. Mng'ao upelekeni upande wa dhahabu: 205, 150, 112. Kwa mweusi tii mambo yanageuka. Msingi 74, 47, 38, kivuli 40, 24, 34, na mng'ao uwe baridi, 150, 128, 138, kwa kuwa ngozi nyeusi sana inarudisha mwanga mdogo wa kwake na inaakisi anga. Umbo la shavu lake linasomwa kwenye mng'ao kuliko kwenye kivuli. Mtazameni mvuvi wa dagaa asubuhi akiwa juu ya mtumbwi, buluu ya ziwa iko begani kwake.

Usiku ni mtego. Ukipunguza mwanga wa picha nzima kwa mkupuo mmoja, ngozi inazama na kubaki macho na meno. Hapo umerudia kichekesho cha 1935 bila kukusudia. Pakeni mstari mwembamba wa mwanga ukingoni mwa uso, upande wa mwezi au wa karabai, na weupe wa jicho usiwe 255 tupu; 226, 214, 204 inatosha. Kisha pelekeni picha kwenye simu ya bei ndogo, punguzeni mwanga wa kioo hadi asilimia 30, muitazame juani. Kama pua haionekani, rudini.

Midomo isizungushiwe mstari. Mdomo wa juu mara nyingi ni mweusi kidogo kuliko wa chini. Wekeni kivuli chini ya mdomo wa chini, na unene utaonekana wenyewe. Kuna jambo la kuongea pia. Chati za midomo mnazopakua mtandaoni zimetengenezwa kwa Kiingereza. Kiswahili kinataka irabu tano, mdomo uliofungwa wa m, b na p, meno juu ya mdomo wa f na v, na ulimi wa l, t na n: maumbo manane. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo mdomo unafunguka mara nyingi. Na "mtu" inaanza na m inayosimama peke yake: shikilieni mdomo uliofungwa michoro miwili, yaani fremu nne, kabla ya kufungua. Mkiiruka, mhusika ataonekana kama anatafsiriwa. Rekodini sauti kabla ya kuchora, simu ikiwa shibiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, katika chumba kilichoegemezwa magodoro ukutani, friji imezimwa.

Nywele za kipilipili ndizo zinazowashinda hata wenye mashine kubwa. Programu za nywele zilijengwa kwa nywele zilizonyooka: unachora nyuzi chache za mfano, kompyuta inajaza zilizo katikati. Nywele zilizojiviringisha kama springi hazijazwi hivyo, maana springi mbili jirani zinapishana mzunguko na wastani wake ni fujo. Ndiyo maana wahusika weusi kwa miaka mingi walinyolewa au wakavishwa kofia. Kwenye mchoro wa bapa hamna shida hiyo. Kwa nywele zilizoachwa wazi, chezeni na ukingo: vinundu visivyolingana ukubwa, vilivyolingana vinaleta wingu au broccoli. Kwa twende kilioni, choreni njia za nywele kwanza, sita hadi nane, zikifuata mviringo wa fuvu kutoka kipaji hadi kisogoni, na ngozi ya njia iwe nyeupe kidogo kuliko ya uso. Kinachoharibika ni njia kuteleza kichwa kikigeuka. Andaeni karatasi ya kichwa kwa mbele, robo tatu, pembeni na kisogo, mhesabu njia zilezile kila upande kabla ya kuanza.

Mwisho mikono. Kiganja kina rangi yake: kwa maji ya kunde wekeni 206, 152, 124, na mistari ya kiganja iwe ya rangi ya msingi wa ngozi, si nyeusi. Mpaka kati ya kiganja na mgongo wa mkono upite ubavuni mwa kidole, laini, upana wa brashi ndogo. Ukiukata kwa ukali unaonekana kama glavu. Na mkono ukipita mbele ya kifua cha rangi ileile, pakeni kivuli chake kifuani na uzi wa mng'ao kwenye ukingo wa vidole. Tabaka moja, mipigo miwili ya brashi, na vidole vyote vitano vitaonekana.